Albamu moja inatokea mara kumi: jinsi ya kupanga maktaba ya muziki ikapangika kweli

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina nyimbo kama 6,000 kwenye diski ya nje: dansi la zamani, taarab, rumba ya Kongo na Bongo Fleva. Nyingine nimezitoa kwenye CD, nyingine fundi alinihamishia kutoka kanda za marehemu baba, nyingine nimeshusha mtandaoni au kukopi kwenye flashi za marafiki. Nimezipanga kwenye folda, kila bendi na folda yake, na majina ya faili nimeyaandika vizuri. Lakini nikizihamishia kwenye simu, albamu moja inatokea mara kumi, bendi moja ina majina matano, nyimbo za kanda zote zinaitwa za msanii asiyejulikana, na kwenye redio ya gari zinapiga bila mpangilio. Kuna aliyeniambia nitafute programu ya kurekebisha zote yenyewe kwa usiku mmoja. Mwingine akasema nisiguse kabisa, eti kubadilisha maelezo kunashusha ubora wa sauti. Nimsikilize nani?*

Ndugu msomaji, hapo usimsikilize yeyote. Wa kwanza atakuvurugia maktaba, wa pili anakutia hofu ya bure. Kazi uliyokwisha kuifanya kwenye folda na majina ya faili haikupotea, na baadaye utaona kwamba ndiyo itakayokuokolea muda. Shida yako ni moja tu: umepanga mahali ambapo simu haiangalii.

Ndani ya kila faili la muziki kuna sauti, na kando ya sauti kuna sehemu ndogo ya maandishi inayoitwa tagi: jina la wimbo, msanii, albamu, namba ya wimbo, mwaka, picha ya jalada. Programu nyingi za muziki za simu husoma tagi hizo, na kuzipanga nyimbo kwa kuzifuata. Jina la faili na folda yake hazina habari nazo. Ndiyo maana faili uliloliita vizuri kabisa linaweza kutokea kama la "msanii asiyejulikana": tagi yake ni tupu. Kanda haina maandishi yoyote ya kidijitali, kwa hiyo fundi akishahamisha sauti bila kuandika kitu, tagi inabaki tupu. CD nayo, watu wengi hawajui, kwa kawaida haina majina ya nyimbo ndani yake. Programu ya kutoa nyimbo hupima idadi na urefu wa nyimbo, halafu inauliza hifadhidata ya mtandaoni hiyo ni CD gani. Intaneti ikiwa haipo siku hiyo, au CD yenyewe ilichomwa mtaani, unapata Wimbo 01 mpaka Wimbo 12.

Kuhusu sauti, tulia. Kuandika tagi hakugusi sauti hata kidogo, hata ukirudia mara mia. Kinachoshusha ubora ni kugeuza MP3 kuwa MP3 nyingine, au kuitoa kilobiti 128 kwa sekunde na kuiweka 320 ukidhani umeiboresha. Faili litanenepa kutoka takriban megabaiti moja kwa dakika hadi megabaiti mbili na nusu, na sauti itakuwa ileile au mbaya zaidi. Hatari ya kweli ya kuandika tagi ni nyingine. Ukiongeza maandishi mengi au picha, programu hulazimika kuliandika faili zima upya ili kupata nafasi. Umeme ukikatika hapo, au ukiing'oa flashi mapema, faili linaweza kufa. Basi usifanye kazi hii moja kwa moja kwenye flashi. Fanya kwenye kompyuta, ukiwa na nakala kamili ya nyimbo zote kwenye diski ya pili isiyounganishwa na hiyo kompyuta.

Kuna jambo moja la kihistoria litakalokueleza mambo mengi ya ajabu utakayoyaona. Tagi za kwanza za MP3, za mwaka 1996, zilikaa mwishoni mwa faili na zilikuwa na baiti 128 tu. Jina la msanii lilipewa herufi 30, basi. Mwaka 1998 ukaja mfumo mpya unaokaa mwanzoni mwa faili, usio na kikomo hicho. Faili nyingi za zamani zina zote mbili, na mara nyingine zinapingana. Ukiona International Orchestra Safari Sound imeandikwa "International Orchestra Safari", hakuna aliyesahau neno Sound. Hesabu herufi na nafasi zake, utapata 30 kamili. Ile iliyokatwa inatoka kwenye tagi ya kale, na simu inaiona kama bendi nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye albamu zinazotawanyika, ndiko kwenye kiini cha swali lako. Programu haijui albamu ni nini. Inachokifanya ni kulinganisha maandishi mawili: jina la albamu na jina la msanii wa albamu, sehemu ambayo kwenye programu za kuhariri imeandikwa Album Artist. Hii ni tofauti na Artist, ambayo ni msanii wa wimbo mmoja mmoja. Album Artist ikiwa tupu, programu nyingi huchukua Artist badala yake. Chukua albamu ya Remmy Ongala yenye nyimbo nane: kwenye tatu msanii ameandikwa Remmy Ongala, kwenye nne Remmy Ongala & Orchestre Super Matimila, kwenye moja Dr. Remmy. Simu itakuonyesha albamu tatu zenye jina moja. Dawa yake ni kujaza Album Artist kwa maandishi yaleyale kwenye nyimbo zote nane. Nasema yaleyale kwa maana ya yaleyale: nafasi moja iliyobaki mwishoni mwa jina, usiyoiona kwa macho, inatosha kuipasua albamu. Waliokaribishwa kuimba waandike kwenye Artist ya wimbo wao, huko hawaharibu kitu.

Albamu za mkusanyiko zina utaratibu uleule. Artist iwe bendi husika kwa kila wimbo, Album Artist iwe neno moja kwa zote. Unaweza kuandika Various Artists au Wasanii Mbalimbali, ila chagua moja na usichanganye. Kama albamu ina diski mbili, jina liwe moja tu, na namba ya diski iandikwe kwenye sehemu yake; ukiandika "Diski ya 2" ndani ya jina la albamu umeshatengeneza albamu ya pili. Na ukiwa na mfululizo wenye juzuu nyingi, kama Zanzibara, namba ya juzuu iingie kwenye jina na iwe na tarakimu mbili, 03 na si 3, la sivyo juzuu ya 10 itakaa mbele ya juzuu ya 2.

Zile za Bongo Fleva ulizoshusha mtandaoni zina ugonjwa wao. Tovuti nyingi za kupakua huandika jina la tovuti kwenye sehemu ya albamu, wakati mwingine hata kwenye jina la wimbo, na kubandika nembo yao badala ya jalada. Ndiyo maana unakuta wasanii arobaini wasiohusiana wamelundikana kwenye "albamu" moja yenye jina la tovuti. Hizo ni rahisi: zichague zote kwa pamoja, futa albamu, futa picha, na uondoe jina la tovuti kwenye majina ya nyimbo kwa amri ya kutafuta na kubadilisha.

Majina ya bendi ndipo panapotaka akili ya mtu. Kuna majina mengi ya kitu kimoja, na kuna majina yanayofanana ya vitu tofauti. OK Jazz, O.K. Jazz, T.P. O.K. Jazz, TPOK Jazz, Franco & TPOK Jazz: hayo mengi ni tofauti za maandishi tu, chagua moja na uzibadilishe zote. Simba Wanyika na Les Wanyika, kwa upande mwingine, ni bendi mbili. Ya pili ilizaliwa mwaka 1978 wanamuziki walipojitoa ya kwanza, na ukiziunganisha umekosea. Katikati kuna kesi ngumu. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Mbaraka Mwinshehe naye aliipigia Morogoro Jazz, na baada ya hapo Super Volcano mpaka kifo chake mwaka 1979.

Ushauri wangu kwa kesi kama hizo ni kuandika jina la bendi kama lilivyokuwa siku wimbo uliporekodiwa. Wimbo wa NUTA ubaki wa NUTA. Jina lenyewe linakuambia ni wa enzi gani. Hasara yake ni kwamba Msondo yako itakaa sehemu nne kwenye orodha. Ukitaka kuisikiliza kwa mfululizo, kuna sehemu iitwayo Grouping: andika humo Msondo kwa nyimbo zote za ukoo huo, kisha kwenye kompyuta utengeneze orodha inayokusanya chochote chenye neno hilo. Wapo wanaopendelea kuandika Msondo Ngoma kila mahali na kuweka jina la zamani kwenye maoni. Si kosa, hasa kama unasikiliza kwenye simu tu, maana programu nyingi za simu haziijui Grouping. Kibaya ni kufanya hivi leo na vile kesho.

Kwenye taarab utajiuliza msanii ni klabu au mwimbaji. Kwa vikundi vya zamani kama Ikhwani Safaa, Culture Musical Club au Black Star ya Tanga, mimi ningeweka klabu kwenye Album Artist, na mwimbaji na klabu kwenye Artist, ili ukimtafuta Shakila umpate bila kuivunja albamu. Mtunzi wa muziki ana sehemu yake, Composer, na mwenye shairi ana yake, Lyricist. Wachache huzijaza. Kwa taarab, ambako shairi ni nusu ya kazi nzima, nakusihi uzijaze pale unapomjua mtunzi.

Halafu kuna nyimbo zisizo na albamu. Programu hizi zilibuniwa kwa nchi ambako muziki ulitoka kwa albamu. Dansi letu la miaka ya 1960 na 1970 lilitoka zaidi kwa santuri ndogo, na nyimbo nyingi zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) kwa ajili ya kurushwa hewani tu. Usiiache sehemu ya albamu tupu, kwani huenda zote zikarundikwa kwenye "albamu isiyojulikana" moja. Jitungie utaratibu. Kwa mfano, albamu iwe "Rekodi za RTD", na Album Artist iwe bendi. Kwa kuwa jina la albamu na Album Artist husomwa pamoja, DDC Mlimani Park itapata "Rekodi za RTD" yake na Orchestra Maquis Original yake, bila kugongana. Vivyo hivyo "Santuri" kwa nyimbo za santuri. Wimbo uliokatwa sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B, upe namba zinazofuatana, 05 na 06, uandike Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2 kwa mtindo mmoja. Mwaka uandike wa kurekodiwa, si wa CD iliyokuja kutolewa miongo miwili baadaye. Kama huujui, acha wazi. Mwaka wa kubahatisha ukishaandikwa unageuka ukweli kwa kila atakayekopi kwako.

Kwa kazi yenyewe, kwenye Windows tumia Mp3tag, ni ya bure. Kwenye Linux tumia Kid3, ambayo ipo pia kwa Windows na Mac. Anza na folda moja. Kwenye Mp3tag buruta folda ndani, na hapa ndipo majina yako mazuri ya faili yanapolipa: fungua Convert, chagua Filename - Tag, na kama folda zako ziko bendi, kisha albamu, kisha "01 - Jina la wimbo", andika %albumartist%\%album%\%track% - %title%. Programu inakuonyesha kwanza itakavyosoma. Angalia kwa makini; kama kuna faili lililoandikwa kwa vistari vya ziada, maneno yanaweza kuingia sehemu isiyo yake. Ikiwa sawa, kubali, na folda nzima imejaa tagi kwa mara moja. Kisha chagua nyimbo zote za albamu kwa Ctrl+A. Upande wa kushoto, kila sehemu yenye tofauti itaonyesha neno keep, yaani ibaki ilivyo. Andika Album Artist na Artist pale unapotaka zifanane, bonyeza Ctrl+S. Usiandike kitu kwenye Title wakati umechagua zote, la sivyo nyimbo kumi na mbili zitakuwa na jina moja. Kwenye mipangilio, iambie iandike ID3v2.3, yaani toleo la 2.3 la ule mfumo mpya wa tagi, kwa sababu redio nyingi za magari za zamani huyumba na 2.4. Kama una nyimbo za WAV, yaani sauti isiyobanwa, zigeuze kuwa FLAC, aina ya faili inayobana bila kupoteza kitu, kwanza: sauti haipungui hata chembe, nafasi inapungua karibu nusu, na tagi zinakaa vizuri, tofauti na WAV ambayo tagi zake kila programu inazisoma kivyake.

Ile programu ya kurekebisha yenyewe ipo, na iliyo bora ni MusicBrainz Picard, nayo ya bure. Ina njia mbili. Ya kwanza hulinganisha maandishi yaliyopo na hifadhidata. Ya pili husikiliza, yaani huchukua alama ya sauti kutoka dakika mbili za mwanzo na kutafuta wimbo unaolingana. Hiyo ya pili ni nzuri kwa faili lisilo na jina kabisa, lakini ukiipa nyimbo 6,000 kwa usiku mmoja, itakufanyia balaa: wimbo mmoja maarufu umo kwenye mikusanyiko mitano, na albamu yako ya asili itasambazwa kwenye yote mitano. Ipe albamu moja moja. Tumia kitufe cha Cluster cha kukusanya faili za albamu moja, kisha Lookup cha kuitafuta kwenye hifadhidata, hakiki kwamba idadi ya nyimbo na urefu wake vinalingana, ndipo uhifadhi. Kwa CD rasmi na rumba ya Kongo inayojulikana itakusaidia sana. Kwa kanda za baba yako usitarajie makubwa. Rekodi nyingi za aina hiyo hazimo kwenye hifadhidata, na hata zile zilizomo, deki iliyokuwa ikienda haraka kidogo hubadilisha alama ya sauti kiasi cha kutotambulika.

Na kama fundi alikupa upande mzima wa kanda kama faili moja la dakika 30 au 45, hakuna tagi itakayokusaidia kabla ya kulikata. Kama ni MP3, mp3DirectCut inakata bila kugeuza sauti upya. Kama ni WAV, Audacity inatosha: weka alama mwanzo wa kila wimbo ukiupa jina, kisha utoe zote kwa mkupuo.

Picha ya jalada iwe JPEG ya kawaida, pikseli 600 kwa 600, chini ya kilobaiti 100 au 150. Watu hubandika picha ya megabaiti 3 kwa kila wimbo. Kwa nyimbo zako 6,000 hiyo ni gigabaiti 18 za majalada peke yake.

Redio ya gari ni suala jingine, na hapa folda zako zinarudi kuwa na maana. Redio nyingi hufuata majina ya faili, na nyingine hufuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye flashi, bila kujali jina. Kwa hiyo formati flashi kwa FAT32, anza kila jina na 01, 02 hadi 10, na hamisha folda moja baada ya nyingine badala ya kutupia vipande vipande. Mp3tag ina Auto-numbering Wizard ya kuandika namba zenye sifuri mbele, kisha Convert, Tag - Filename inabadilisha majina ya faili yafuate. Ukiongeza wimbo mmoja baadaye, kwenye redio za aina ya pili utaangukia mwisho hata ukiitwa 03. Futa folda hiyo na uikopi tena nzima.

Baada ya yote hayo simu inaweza kuendelea kuonyesha albamu kumi. Usikate tamaa. Simu ina orodha yake ya kumbukumbu, nayo haikujua kwamba tagi zimebadilika. Futa nyimbo za zamani kwenye simu kabla ya kuweka mpya, iwashe upya, au uiambie programu ichanganue maktaba upya.

Kuna mahali ambapo hutakiwi kuendelea peke yako. Diski ikianza kugonga, kupotea na kurudi, au kukopi wimbo mmoja kwa dakika kadhaa, zima. Usiandike tagi hata moja; mpelekee fundi wa kuokoa data, mwambie unataka nakala kwanza na ukarabati baadaye. Kanda zilizobaki, kama utepe una ukungu mweupe au unagandamana, usizichezeshe "kuona kama bado zinafanya kazi", maana mchezo huo mmoja unaweza kuung'oa utepe. Tafuta fundi mwenye deki anayoisafisha na kuirekebisha kichwa kwa kila kanda, na umwambie akupe WAV. Na kwa nyimbo ambazo si wewe wala Picard mnaozijua, weka kumi kwenye simu na umfuate mzee aliyecheza dansi enzi hizo, au mtangazaji wa vipindi vya zilipendwa. Andika namba ya kila faili kwenye daftari kabla ya kuondoka nyumbani, ili akikutajia mwimbaji, mtunzi na bendi usije ukarudi na majina bila kujua ni ya faili lipi.